Beki Akichuja, Atemwe?

Hapa Kisaki kijiwe chetu cha stesheni kimegawanyika. Beki wetu wa kati kachuja. Mawinga wanampita kama treni ya mizigo ya TAZARA isiyosimama. Vijana wanapiga kelele: atemwe! Mimi, ambaye alinifundisha kukaba, nasema subirini.

Mwaka 2016 Nadir Haroub 'Cannavaro' alivuliwa unahodha wa Taifa Stars, akapewa Mbwana Samatta. Akastaafu timu ya taifa. Lakini Yanga hawakumtupa. Agosti 2018 walimuaga pale Morogoro mjini, wakampa umeneja wa timu.

Miguu inachoka, jicho la beki halichoki. Mwekeni benchi, jamani, awapange madogo. Msimfukuze. Na nyie zamu yenu inakuja!