Kuchora Lori kwa Herufi za Taipu

Leo kalamu iweke kando. Twataka kuchora lori, na vyombo vyetu ni taipu au kompyuta, na vidole vyako tu. Ukiwa na rafiki mwenye duka la kupiga chapa pale sokoni, mwombe akuazime kiti chake kwa nusu saa.

Wapo wasemao kwamba huu ni mchezo wa watoto. Ngoja kwanza tuchore, kisha nitakuambia kwa nini mimi siuiti mchezo.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1898 mwanamke Mwingereza aitwaye Flora Stacey alichora kipepeo kwa taipu, na watu wakastaajabu. Huko Marekani alikuwako Paul Smith, aliyezaliwa mwaka 1921, ambaye mwili wake ulikuwa na ugonjwa wa kukaza viungo tangu utotoni. Mkono wake wa kuume ulitikisika, akaushika kwa ule wa kushoto, akabonyeza kidole kimoja kimoja, na kwa namna hiyo akaichora hata sura ya Mona Lisa. Halafu zikaja kompyuta. Mwaka 1963 Wamarekani walipanga orodha ya alama ambazo mashine zote zingeelewana kwayo, iitwayo ASCII. Leo ina alama 95 za kuchapwa, nafasi tupu ikiwa mojawapo. Mwaka 1993 Mjapani Toyoda Masashi alitunga programu ndogo ya kuwatania wenye haraka: mtu akikosea kuandika amri ya ls akaandika sl, gari-moshi lililochorwa kwa herufi hupita kwenye kioo chake kutoka upande mmoja hadi wa pili, naye hana budi kungoja lipite.

Haya, tushike kazi. Lori letu ni lile lipakialo dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Hesabu pole pole, kwa sauti, maana nafasi moja ikipotea lori litapinda.

Mstari wa kwanza: piga nafasi 1, kisha vistari vya chini 12. Hilo ni paa la bodi. Mstari wa pili: mstari wima, nafasi 12, mstari wima tena, kisha vistari vya chini 3, ndilo paa la dereva. Mstari wa tatu: mstari wima, nafasi 3, neno DAGAA kwa herufi kubwa, nafasi 4, mstari wima, mabano ya mraba yenye nafasi 1 katikati (hilo ni dirisha), na mkwaju ulalao nyuma, ndicho kioo cha mbele. Mstari wa nne: mstari wima, vistari vya chini 12, mstari wima, vistari vya chini 4, mstari wima. Mstari wa tano ni magurudumu: nafasi 2, mabano ya kawaida yenye O kubwa ndani, nafasi 9, kisha mabano na O tena.

```
 ____________
|            |___
|   DAGAA    |[ ]\
|____________|____|
  (O)         (O)
```

Taipu nyingi za zamani hazina mstari wima wala mkwaju wa nyuma. Piga I kubwa mahali pake, lori litakwenda tu.

Sasa ukitaka gurudumu kubwa la duara, jihadhari. Katika taipu ya kawaida herufi 10 hujaza inchi moja kwenda kando, lakini mistari 6 ndiyo ijazayo inchi moja kwenda chini. Kila chumba cha herufi, basi, ni kirefu kuliko upana wake. Ukichora duara la herufi 6 kwa mistari 6, utapata yai lililosimama. Hesabu herufi 10 kwa mistari 6.

Na hapa ndipo penye siri yote. Katika taipu, i nyembamba na m nene hupewa chumba kile kile. Katika herufi nyingi za kompyuta na simu sivyo: i hubanwa, m hupanuliwa, na nafasi tupu huwa nyembamba zaidi. Lori ulilolihesabu vizuri likifika kwa mwenzako, bodi imekwenda huku na dereva kule.

Mimi siri hii niliijua kwa aibu. Kabla sijakwenda chuo kikuu kuchukua diploma, nilikuwa nikiandika hesabu za kikundi kimoja cha wavuvi: jina, kilo za sangara, kilo za dagaa, deni la mafuta. Safu nilizipanga kwa kupiga nafasi, na kwenye kioo changu zilinyooka. Karatasi ikachapwa kwenye mashine nyingine yenye herufi za aina nyingine. Tarakimu zikateleza. Kilo za mzee mmoja zikasomwa chini ya deni. Siku ya malipo alisimama mbele ya meza, kofia mkononi, akaambiwa yeye ndiye anayedaiwa. Alirudi kwake bila senti, na hakunigombeza. Alidhani karatasi haikosei. Ilinichukua siku mbili kugundua kosa lilikuwa langu, na nikamfuata hadi kwake.

Basi, kwa hesabu usipange safu kwa nafasi; tengeneza jedwali lenye mistari yake. Kwa picha, chagua herufi za chumba sawa, kama Courier, zilizobuniwa kwa ajili ya taipu za IBM katika miaka ya 1950. Ukituma kwa WhatsApp, tangulia na alama tatu ndogo zile zilalazo, ambazo katika kibodi nyingi hukaa kushoto kwa tarakimu 1, uzirudie mwishoni. Lori litafika zima.

Kwa zoezi la wiki hii, chora meli ya Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kuitwa New Victoria baada ya kukarabatiwa. Tumia karatasi ya miraba kwanza, herufi moja kwa kila mraba. Usizidishe herufi 60 kwa upana, na bomba la moshi lisisahauliwe. Chini ya picha, panga jedwali la abiria watano na nauli zao, kisha mpe mtu mwingine alichape kwenye mashine yake, nawe ukague kila tarakimu imeangukia wapi.