Kazi ya Winga

Mimi ni winga wa kulia wa shule yetu, na wengine huniuliza mbona sifungi mabao. Naomba nieleze.

Mwaka 1953, katika fainali ya Kikombe cha F.A. huko Wembley, Bolton walikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 1. Stanley Matthews wa Blackpool, mwenye miaka 38, alishika mstari, akampita beki kwa nje. Walinzi walipokimbilia golini mwao, yeye aliurudisha mpira nyuma, walikopaacha wazi. Mwishoni Bill Perry, winga wa kushoto, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliupata akafunga. Blackpool 4, Bolton 3.

Matthews hakufunga hata moja. Basi, ndugu zangu, msinihesabie mabao tu.