Sauti ya "Pakawa": Hadhira na Uponyaji katika Utambaji wa Ngano

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba mtambaji hutanguliza "Paukwa!" nayo hadhira ikaitikia "Pakawa!" Katika mtihani tunayaandika hayo chini ya kichwa "fomula ya kufungulia", tunapewa alama zetu, yakaisha. Makala haya yanashikilia kwamba itikio hilo ndilo kitovu cha utambaji, na kwamba iwapo ngano ina uwezo wowote wa kuponya, basi uwezo huo huanzia hapo.

"Paukwa" ni ombi. Wasikilizaji wakinyamaza, hakuna ngano. Anayeitikia hujifunga kuimba kiitikio, kupiga makofi, hata kumsahihisha mtambaji anayeruka tukio. Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee aliyeitwa pim, ambamo watoto walilala na kusimuliwa sigana. Aliyelelewa humo alijifunza kuitikia pamoja na wenziwe kabla hajajifunza kusimulia.

Umuhimu wa jambo hili niliutambua nikiwa na umri wa miaka 10. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini na kuwafurusha mamia ya maelfu makwao. Sisi tulirejea katika ploti yetu mjini Nakuru tukakuta chumba kitupu. Wapangaji walichota maji kwenye mfereji mmoja bila kusalimiana. Jioni moja nyanya mmoja, mpangaji mwenzetu, aliketi uani akatutambia ngano kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwao. Sungura alikimbia moto. Aliporudi, Fisi alimwalika chakula, naye Sungura akaitambua sufuria yake mekoni. Hakusema neno. Aliimba tu, akiiuliza sufuria imelala wapi siku zote hizo, nasi watoto tukaitikia. Mara ya tatu, sauti ya mtu mzima ilijiunga nasi kutoka mlango wa pili. Hakuna aliyegeuka kutazama ni nani.

Nijuavyo mimi, hakuna sufuria iliyorudishwa katika ploti ile. Hata hivyo, jioni iliyofuata mama alitoa kigoda chake nje.

Ni vyema kulinganisha hali hiyo na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013. Mbele ya tume, shahidi alitakiwa aeleze yaliyompata yeye mwenyewe. Ngano haidai "mimi". Humruhusu aliyeporwa na aliyepora kuimba kiitikio kimoja kuhusu Fisi, kila mmoja akijua anachokijua. Simaanishi kwamba utambaji unaweza kushika nafasi ya haki, kwani Fisi hashtakiwi. Isitoshe, zipo ngano zinazomfunza mtoto kwamba jirani wa kabila fulani ni mwizi wa kuzaliwa, nazo pia huitikiwa "Pakawa!" kwa furaha. Sauti za pamoja zaweza kujenga jamii kwa kumtupa mtu nje yake, na nadhani sisi wapenzi wa fasihi simulizi hulikwepa suala hili.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu wenyewe. Tangu Edward Steere achapishe ngano za Unguja mwaka 1870, tumezoea kuiona ngano kama maneno ya msimulizi kwenye karatasi. Katika rekodi zangu za utafiti wa uzamili, nilipozinakili mara ya kwanza, nilifuta vicheko, kikohozi na maitikio ili matini "isafike". Matini ilisafika kweli, ila sikuweza tena kujua ngano hiyo ilimfanyia nani nini. Sasa nazisikiliza upya, nikiandika pembezoni ni nani aliyeitikia, ni nani aliyechelewa, na ni nani aliyenyamaza hadi mwisho.