Mwislamu wa Bariadi si mgeni wa pwani

Katika vijiji vya Usukuma neno "Mswahili" halimaanishi tu mtu anayezungumza Kiswahili. Limebeba picha nzima: mtu wa mjini, mtu wa duka, mwenye maneno mengi, asiyeshika jembe, na mara nyingi Mwislamu. Upande wa pili wa picha hiyo amesimama Msukuma: mkulima wa pamba, mwenye zizi, mcheza ngoma, wa kanisani au wa mila za wazee. Ukiwatazama hivyo utadhani ni watu wawili ambao hawawezi kuwa mtu mmoja. Hoja yangu ni kwamba wanaweza, na wamekuwa mtu mmoja kwa vizazi kadhaa. Tena anayekana jambo hilo hafanyi utani wa kijiweni tu, kwa sababu katika mkoa kama Simiyu picha hiyo inaweza kumkosesha mjane shamba.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 mkoani Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Dini zao haikuziuliza, kwani baada ya sensa ya 1967 swali hilo liliondolewa nchini kote. Kwa hiyo anayetaja asilimia ya Waislamu wa Bariadi au Maswa anakisia, na anakisia kwa macho. Huhesabu kofia na mabaibui aliyoyaona stendi na sokoni, akamwacha mwanamume wa suruali na kandambili aliye kwenye shamba la dengu huko Itilima, ambaye naye aliswali alfajiri kabla ya kutoka. Anayehesabiwa ni yule anayefanana na picha tuliyokwisha kuwa nayo, kisha hesabu hiyo hiyo inatumika kuthibitisha picha.

Historia yenyewe haiungi mkono picha hii. Ni kweli Uislamu uliingia bara kwa njia za misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Lakini misafara hiyo ilibebwa mabegani na watu wa bara, Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, walioshuka pwani wakiwa wapagazi na kurudi na bidhaa, maneno mapya, na wengine na shahada. Dini haikuletwa na wageni peke yao. Ilirudi nyumbani na wenyeji. Tena mkondo ulikwenda pande zote mbili. Sheikh Ramiya, aliyeongoza tarika ya Qadiriyya mjini Bagamoyo na kufariki 1931, alikuwa mtu wa mashariki ya Kongo aliyefikishwa pwani akiwa mtumwa. Pwani tunayoidhania kuwa chimbuko la kila sheikh iliwahi kufundishwa dini na mtu wa bara. Abdallah Fundikira, ntemi wa Unyanyembe, alikuwa Mnyamwezi, Mwislamu, msomi wa Makerere na Waziri wa Sheria baada ya uhuru wa Tanganyika. Na Mufti Issa bin Shaaban Simba, aliyewaongoza Waislamu wa BAKWATA, baraza kuu la Waislamu nchini, hadi alipofariki 2015, alizikwa Shinyanga.

Kuna watakaosema kwamba picha haitoki hewani. Wana haki. Katika miji midogo ya Usukuma Waislamu wengi walionekana kwenye maduka na vituo vya biashara, na katika shule walikuwa wachache. Ila sababu zake zinajulikana na wala si za kiimani. Shule zilikuja na misheni. Nassa, ambayo leo iko Busega, ilikuwa na kituo cha wamisionari wa Kianglikana tangu 1888, kisha 1909 kikachukuliwa na African Inland Mission. Mzazi Mwislamu aliyemkatalia mwanawe shule ya misheni hakuwa anakataa elimu. Alihofia ubatizo, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Aliyekosa shule alitafuta riziki palipokuwa na mzunguko wa fedha, yaani pale pamba ilipopimwa na kununuliwa. Kilichozaliwa na mazingira ya miongo michache tukakigeuza kuwa tabia ya watu.

Pingamizi la pili hutoka msikitini kwenyewe. Litasema kwamba Uislamu ni mmoja: kibla kimoja, swala tano, mwezi mmoja wa kufunga. Kusisitiza tofauti ni kuwagawa Waislamu. Nalichukua kwa uzito, kwa kuwa anayelisema analinda kitu cha thamani. Lakini umoja huo haujawahi kuwa wa kufanana. Wasunni wana madhehebu manne ya fiqhi yanayotambuana, na Mshafii wa Tanzania anayesoma dua ya kunuti alfajiri hamwoni Mhanafi asiyeisoma kuwa ametoka katika dini. Katika miji ya Kanda ya Ziwa utawakuta Wasunni, Waithnaasheri, Waismailia na Mabohora. Waahmadiyya, ambao Waislamu wengi hawawakubali kuwa wenzao, walichapisha tafsiri ya Kiswahili ya Kurani 1953. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilikamilika 1969. Wapo wasomao maulidi na wapo wanaoyaita bidaa. Wapo wanaofunga kwa mwezi ulioandama hapa na wapo wanaofuata Makka. Sisemi kila desturi inayovaa jina la dini ni dini. Ramli na tambiko vimekatazwa na wanazuoni, na sheikh wa Bariadi anayevikemea yuko sahihi katika kazi yake. Ninachosema ni kwamba kukemea tendo ni jambo moja, na kumwambia mtu kwamba zizi lake, ngoma yake na jina lake la Masanja au Mabula vinampunguzia Uislamu ni jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mirathi, na hapa naomba msomaji atulie nami. Chini ya sheria inayoelekeza mahakama zitumie sheria ipi, yaani Sura ya 358, Mwafrika wa jamii yenye mila hudhaniwa kwanza kuwa anafuata mila. Anayetaka mali ya marehemu igawanywe Kiislamu lazima aonyeshe hivyo, na tangu shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi la 1969 mahakama zimekuwa zikitazama mambo mawili: marehemu aliishi maisha ya namna gani, na alikusudia nini. Sasa mfikirie Msukuma Mwislamu wa Meatu aliyefariki. Alifuga, alitoa mahari ya ng'ombe, alikaa na wazee wa ukoo, hakuvaa kanzu ila Ijumaa. Ndugu wa marehemu watasimama na kusema huyu alikuwa Msukuma, hakuwa Mswahili. Picha tuliyoianza nayo imeingia mahakamani na sasa inaitwa ushahidi.

Tofauti kati ya njia hizo mbili ni kubwa. Kwa sheria za mila zilizotamkwa 1963, mjane hana fungu katika mirathi iwapo mume ameacha ndugu wa ukoo, na binti yuko daraja la tatu nyuma ya kaka zake. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, mkoa ambao wakati huo Bariadi ilikuwa sehemu yake, walipinga sheria hizo. Mahakama Kuu 2006 ilikiri kwamba zinabagua lakini ikakataa kuzitengua, na 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Katika mirathi ya Kiislamu mjane ana fungu lake lililotajwa: thumuni moja akiwa mume ameacha watoto, robo akiwa hakuacha. Binti anapata nusu ya kaka yake. Nusu si sawa na sawa, na mjadala juu ya hilo ni halali na haujaisha. Lakini fungu lililotajwa si kitu cha kulinganisha na mikono mitupu. Ile picha nyingine inayotuambia kwamba mwanamke Mwislamu ndiye aliyefungwa kuliko wengine inaanguka hapa hapa Usukuma, ambako Uislamu unampa kile ambacho sheria ya mila iliyoandikwa inamnyima, mradi tu kwanza aruhusiwe kuwa Mwislamu.

Ninafahamu kwamba wazee wengi wa ukoo ni watu wa huruma na humwachia mjane shamba bila kesi. Huruma hiyo ni ya kweli, ila inategemea mzee yupi amebaki hai, na haimpi mjane haki ya kudai. Fungu lililoandikwa haliombwi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watu watatu. Masheikh wa Simiyu wamfundishe muumini mfugaji kwamba zizi na swala havigombani, na waliseme jambo hilo kwenye hotuba ya Ijumaa. Wazee wa ukoo wamsikilize marehemu kwa alivyoamini, si kwa alivyovaa. Na wewe Mwislamu mwenye shamba Dutwa, Mwanhuzi au Lamadi, andika leo, mbele ya mashahidi, kwamba mali yako igawanywe kwa sheria ya dini yako, kwa kuwa mahakama huuliza ulikusudia nini na karatasi hiyo ndiyo itakayojibu badala yako.