Mwanao anasomea uuguzi? Kagua vyeti kabla hajahitimu

Mzazi wa Chanika, Handeni, aliyeuza mahindi na mbuzi ili binti asomee uuguzi, huhesabu miaka mitatu ya diploma, kisha ajira. Hesabu hiyo ina pengo. Mhitimu haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi mpaka afanye mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, asajiliwe na kupata leseni. Mzazi aulize mapema binti anajiandaaje, na gharama zake aziwekee akiba pamoja na ada ya chuo.

Kikwazo kingine kinaonekana kidogo, nacho ni jina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanahamisi, cha kidato cha nne Mwanahamis, na kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo shuleni halikutumika. Maombi ya kazi serikalini hupitia mtandao wa Sekretariati ya Ajira. Huko karatasi ya matokeo haipokelewi, vinatakiwa vyeti halisi, na majina yakitofautiana hutakiwa hati ya kisheria. Tangazo likitoka, muda wa kuomba mara nyingi ni kama wiki mbili tu. Nani atamaliza marekebisho kwa siku hizo?

Basi likizo ya mwaka wa kwanza itandikeni karatasi zote mezani, mlinganishe herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa chenye kasoro kipelekwe kwa msajili wa RITA, ofisi ya mkuu wa wilaya.