Nyuki si Mnyama: Jinsi ya Kuandaa na Kuagiza Kokteli kwa Asiyetumia Mazao ya Viumbe

Utangulizi

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Likizo moja nilimpokea nyumbani Siongiroi, Kaunti ya Bomet, mwanafunzi mwenzangu kutoka ng'ambo aliyekuwa akijifunza Kiswahili. Mgeni huyo hakula nyama, hakunywa maziwa wala hakulamba asali. Ingawa eneo letu pana hujulikana kwa majani chai, Siongiroi ni mahali pa ng'ombe na maziwa. Mgeni wa heshima hukaribishwa kwa mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kiitwacho sotet, ambacho ndani yake husuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet.

Mama alileta sotet. Mgeni akaomba radhi. Mama alinyamaza, kisha akanitazama. Kwa kuwa kwa ajili ya mgeni sote tulizungumza Kiswahili, nilisema, "Mama, huyu hatumii vitu vya wanyama." Mama aliridhika. Alimpikia turungi, akaikoleza kwa asali. Kesho yake jioni, katika hoteli moja mjini Kericho, nilirudia maneno yale yale kwa mhudumu, naye akaleta kokteli ya dawa yenye kijiti kilichochovywa katika asali. Nilipolalamika alijibu kwa upole, "Ndugu, ulisema wanyama. Nyuki si mnyama."

Mhudumu yule hakukosea, na mama pia hakukosea. Aliyekosea ni mimi. Makala haya yananuia kueleza chanzo cha kosa hilo, na jinsi kokteli ya mtu wa aina hii inavyoweza kuandaliwa na kuagizwa kwa Kiswahili pasipo kumwaibisha mgeni wala mwenyeji.

Kiini cha tatizo

Neno vegani liliundwa nchini Uingereza mwaka wa 1944 na Donald Watson na wenzake, kwa kuunganisha mwanzo na mwisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya mtu asiyekula nyama. Waliolibuni walitaka kujitenga na wale walioacha nyama lakini wakaendelea kunywa maziwa na kula mayai. Kiswahili hakijapata istilahi iliyozoeleka ya dhana hii. Mfasiri hukimbilia "asiyetumia vitu vya wanyama", na hapo ndipo mtego ulipo.

Mzungumzaji wa Kiswahili akiombwa ataje wanyama, atataja ng'ombe, simba na paka. Hatataja sangara, kwa kuwa huyo ni samaki. Wala kuku, kwa kuwa huyo ni ndege. Wala nyuki, kwa kuwa huyo ni mdudu. Hivyo basi, fasiri hiyo hufunga mlango mmoja na kuacha mitatu wazi.

La ajabu ni kwamba sarufi yetu inajua jambo ambalo msamiati wetu unalitenganisha. Twasema ng'ombe amekufa, sangara amekufa, kuku amekufa, nyuki amekufa; ilhali mti umekufa. Viumbe hao wote wanakutana katika ngeli ya A-WA. Anayetaka kumwelewa vegani na akumbuke kanuni hii: hatumii kilichotoka kwa yeyote tunayemsemea kwa ngeli ya A-WA.

Milango minne ya kokteli

Kokteli ni kinywaji cha mchanganyiko, na kila kinachochanganywa kinaweza kuwa na asili isiyoonekana.

Mlango wa kwanza ni wa mnyama. Huu ni rahisi kuuona: maziwa, malai na vileo vyenye malai ndani yake, kama vile Amarula ya Afrika Kusini.

Mlango wa pili ni wa ndege. Baadhi ya kokteli za ndimu na wiski hutiwa ute mweupe wa yai ili zitoe povu zito juu ya bilauri. Mnywaji huliona povu, yai halioni.

Mlango wa tatu ni wa samaki, nao umefichika zaidi. Kwa karne nyingi bia na mvinyo vimesafishwa kwa utando wa kibofu cha hewa cha samaki, ambao hunasa chembechembe na kuzizamisha chini. Katika Ziwa Viktoria vibofu vya sangara, ambaye Wakenya wengi humwita mbuta, huitwa mabondo, na huuzwa nchi za nje kwa bei ya juu. Wengi huyanunua kwa ajili ya supu huko Uchina, ila kusafisha vileo ni miongoni mwa matumizi yake. Mwaka wa 2015 watengenezaji wa Guinness walitangaza kuwa wangeacha njia hiyo ya samaki. Vileo vilivyokenekwa, kama vile vodka na jini, kwa kawaida havina shaka hii. Bia na mvinyo ndivyo vya kuulizia.

Mlango wa nne ni wa mdudu. Humu mna asali, na pia rangi nyekundu itokanayo na wadudu waliokaushwa na kusagwa. Kwa miaka mingi Campari ilipata wekundu wake kwa rangi hiyo, hadi mwaka wa 2006 watengenezaji walipoanza kuiacha. Hata katika mila za Wakipsigis mlango huu upo: kipketinik ni pombe ya asali, ilhali pombe ya wimbi haina neno.

Uandaaji

Tuanze na dawa, kokteli mashuhuri zaidi nchini Kenya. Kinywaji hiki huhusishwa na mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 1980, na ni jamaa wa kinywaji cha Brazili kiitwacho caipirinha. Ni kinaya kwamba jina la mkahawa huo maana yake ni mlanyama, ilhali kinachomzuia vegani kuinywa dawa ni asali peke yake.

Badala ya asali, tumia sukari guru. Yeyushe kiasi sawa cha sukari guru na maji juu ya moto mdogo hadi shira iwe nzito ya kushika kijiti. Kata ndimu moja vipande vinne, uiponde katika bilauri pamoja na vijiko viwili vidogo vya sukari, jaza barafu, mimina vodka mililita 50, kisha koroga kwa kijiti kilichochovywa katika shira. Asiyetumia kileo atie maji ya tangawizi mahali pa vodka.

Kokteli ya pili ni ya kwetu hasa. Mwaka wa 2011 watafiti wa chai wa Kericho walitoa aina ya chai ya zambarau iitwayo TRFK 306/1. Loweka kijiko kidogo cha majani yake katika mililita 200 za maji moto, chuja, acha ipoe. Tia shira na barafu, na jini kwa anayetaka. Mwishowe kamulia ndimu: uchachu wake huisukuma rangi kuelekea waridi mbele ya macho ya mgeni.

Kwa povu, tumia maji yaliyochemshiwa dengu. Si ndengu za kijani ambazo kwa Kiswahili sanifu ni choroko. Mfaransa Joël Roessel alionyesha mwaka wa 2014 kuwa maji hayo hutoa povu kama ute wa yai. Mililita 30 zatosha bilauri moja. Tikisa kwanza bila barafu, kisha pamoja na barafu. Mahali pa malai, Pwani imetutangulia: tui la kasimile halina mpinzani.

Uagizaji

Funzo kuu ni hili: usitaje jina la imani yako, taja kitu. "Mimi ni vegani" humwacha mhudumu akikisia. Afadhali kusema: "Dada, naomba dawa. Usitie asali, hata kwenye kijiti. Sitaki maziwa, malai wala yai. Nitumie sukari." Sentensi hizo fupi hufunga mlango wa mnyama, wa ndege na wa mdudu, na humpa mhudumu kazi anayoweza kuitenda.

Hitimisho

Jopo la istilahi huenda siku moja likatupa neno moja la dhana hii. Hata hivyo, neno hilo halitafaa iwapo litajengwa juu ya "mnyama" na kumsahau nyuki. Siku ya mwisho ya ziara ile nilimwambia mama, "Mama, hatumii maziwa, mayai wala asali." Mama alicheka, akauliza, "Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?" Akampikia turungi nyingine, akaikoleza kwa sukari guru, mgeni akanywa vikombe vitatu.