Kizimba cha Chuma Si Pambo la Gari

Barabara ya Mama Ngina, ambayo wazee wa Mombasa wangali wakiikumbuka kwa jina la Azania Drive, haikujengwa kwa ajili ya mashindano ya magari. Ni mahali pa kupunga upepo, pa muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, pa madafu, na pa watoto kuhesabu meli ziingiazo Kilindini huku wakicheza chini ya mibuyu. Tangu bustani yake ilipofunguliwa upya mnamo Oktoba 2019, familia humiminika pale kila mwisho wa juma. Lakini penye watazamaji hapakosi wa kujionyesha. Miongoni mwa magari yanayoegeshwa pale jioni mna yale ambayo vijana wameyafanyia kazi: yameshushwa chini, ngurumo zake zimekuzwa, na katika machache, nyuma ya kiti cha dereva, pamesimamishwa mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi nyekundu ya kung'aa.

Ni mabomba hayo ninayotaka kuyazungumzia leo, kwa kuwa wengi wa wanaoyatia hawajui yametiwa kufanya nini.

Tuyaite kizimba. Katika lugha yetu kizimba ni cha kuku na ni cha mshtakiwa mahakamani. Hiki cha tatu ni cha dereva. Kazi yake ni moja: gari likipinduka au likigonga ukuta, nafasi aliyokalia mwanadamu ibaki nafasi. Bati la paa la gari la kawaida halikuundwa kubeba uzito wa gari likitua kichwani kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa. Kizimba hupokea pigo hilo na kuligawa kwenye sakafu kupitia miguu yake, na ndiyo sababu gari la mashindano huweza kubiringika mara kadhaa na dereva akatoka akitembea. Tumeyaona hayo Naivasha tangu Safari Rally iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021. Safari ya kwanza, ile ya mwaka 1953 iliyoandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilikimbiwa na magari yaliyokuwa kama yalivyotoka dukani. Madereva wale walilindwa na bati na dua.

Vijana wetu, hata hivyo, hawavutiwi sana na vumbi la Naivasha. Wanavutiwa na mbio za mstari ulionyooka: magari mawili ubavu kwa ubavu, robo maili, yaani mita 402, na taa ikiwaka kila mmoja huondoka. Wenye jamaa Ghuba wameziona kwa macho katika uwanja wa Sakhir nchini Bahrain, uliofunguliwa mwaka 2004. Wengine huzitazama kwenye simu. Yamkini msomaji atauliza, gari linalokwenda mbele tu litapindukaje? Litapinduka kwa sababu gurudumu moja likishika lami na la pili likateleza, gari huvutwa upande, na katika kasi ile dereva hana muda wa kulirudisha. Shirikisho la Marekani liitwalo NHRA, lililoanzishwa California mwaka 1951, linadai kizimba kamili kwa gari linalomaliza robo maili chini ya sekunde 10, isipokuwa magari ya miaka ya karibuni yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani, ambayo yamepewa nafuu. Kanuni za namna hiyo hazikuandikwa kwa anasa.

Mwanafunzi mmoja wa ufundi alinijia na swali lake. Amenunua gari lililoshushwa Kilindini kutoka Japani, injini imeongezwa nguvu, na fundi amemwambia bomba bora ni lile la maji la inchi mbili, kwa sababu ni nene na linapatikana. Je, ni kweli?

Si kweli, na hapa naomba walimu wa fizikia wanivumilie. Bomba la maji limetengenezwa kubeba maji. Kipimo chake cha inchi hutaja njia ya maji kwa makadirio, ilhali bomba la ujenzi hupimwa kwa upana wake wa nje na unene wa ukuta wake. Aghalabu limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaomtia fundi homa na huacha matundu ndani ya kiungo. Zaidi ya hayo, limeunganishwa kwa mshono ubavuni, na hakuna anayekuhakikishia chuma chake kitavumilia kiasi gani. Shirikisho la kimataifa, FIA, linataka bomba lisilo na mshono, la chuma cha kaboni kilichovutwa kikiwa baridi, kisichokatika kabla ya newtoni 350 kwa kila milimita mraba. Kwa tao kuu lililo nyuma ya dereva linakubali vipimo viwili: upana wa milimita 45 na ukuta wa 2.5, au upana wa 50 na ukuta wa 2.0.

Hapo pana funzo zuri la darasani. Wengi wataapa kwamba lile lenye ukuta mnene ndilo gumu zaidi. Wanafunzi na wakokotoe. Bomba la 45 kwa 2.5 lina uzito wa takriban kilo 2.62 kwa mita. La 50 kwa 2.0 lina kilo 2.37. Lakini ugumu wa kukataa kupinda hutegemea zaidi umbali wa chuma kutoka katikati ya bomba, na kwa kipimo hicho lile pana, ingawa ni jepesi, humshinda mwenziwe kwa karibu asilimia 15. Kizimba kikichukua mita 25, tofauti ni kilo 6 na ushei. Fundi anayekuuzia unene peke yake anakuuzia uzito.

Kuna pia chuma chenye kromu na molibdeni, ambacho NHRA hukiruhusu kiwe na ukuta wa milimita 2.1 pale ambapo chuma cha kawaida hutakiwa kuwa na 3.0. Vijana hukipenda kwa wepesi wake. Ushauri wangu ni kwamba wakiache. Chuma hicho hutaka kuchomelewa kwa ncha ya tungsteni ndani ya gesi ya argoni, kwa mkono uliofunzwa. Kikichomwa ovyo hugeuka kikavu pembeni mwa kiungo na hukatika kama muwa. Chuma cha kawaida husamehe zaidi, na huridhika na mashine ya waya na gesi. Lakini vile vijiti vya kuchomelea mageti na madirisha, NHRA haivitambui kwa kazi hii, hata kwa chuma cha kawaida.

Tao kuu hukunjwa kutoka bomba moja lisilokatwa, likiwa baridi, na mkunjo usiwe wa ghafla: FIA hutaka nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara tatu ya upana wa bomba. Penye kona bomba lililobonyea kama mrija wa soda tayari limeshapungukiwa na nguvu. Kisha huja mikono miwili ya nyuma, matao ya mbele yanayofuata nguzo za kioo, bomba la mshazari, na mabomba ya mlangoni. Mshazari ndio watu huuacha ili kupunguza gharama, nao ndio unaogeuza mraba kuwa pembetatu. Mwanafunzi na aunge vijiti vinne kwa misumari, avisukume upande, kisha aongeze cha tano pembe kwa pembe. Hatahitaji maelezo yangu.

Kazi yenyewe hasa imo miguuni. Bomba lililochomelewa moja kwa moja juu ya bati la sakafu litalitoboa gari litakapopinduka. Kwa hiyo miguu hukalishwa juu ya mabamba ya chuma yasiyopungua unene wa milimita 3. Chini ya tao kuu FIA hutaka eneo la sentimita mraba 120 kwa kila mguu. Na hapa pwani tuna adui ambaye vitabu vya ng'ambo havimtaji sana: chumvi. Gari lililokaa miaka kadhaa Japani, kisha likapigwa na upepo wa Kilindini, laweza kuwa na sakafu inayong'aa kwa rangi huku chini imeliwa. Ing'olewe zulia, rangi ikwanguliwe, bati ligongwe kwa nyundo ndogo. Bamba jipya juu ya kutu ni kazi bure.

Jambo jingine ni viungo vilivyo karibu na paa. Mkono wa fundi haufiki kwa juu, basi wengi huchomelea upande wa chini na kuacha wa juu wazi, na rangi hufunika siri hiyo. Fundi mwenye kujua hutoboa sakafu penye miguu, hushusha kizimba kizima kupitia matundu hayo, huchomelea viungo vya juu pande zote, kisha hukipandisha na kuweka mabamba. Huongeza siku ya kazi, na mwenye gari hunung'unika. Tuwe waadilifu: mara nyingi fundi wa jua kali hakosi maarifa, hukosa mteja wa kulipia maarifa hayo. Tuliyaona hayohayo mwaka 2004 mikanda ilipolazimishwa katika matatu; mingi ilifungwa kwa ajili ya macho ya askari.

Sasa narudi kwa lile gari la Mama Ngina. Kizimba kimeundwa kwa dereva aliyevaa helmeti na kufungwa kwa mikanda ya mabega. Dereva asiye na helmeti, akigongwa kwa mwendo mdogo tu pale mzunguko wa Likoni, kichwa chake hukutana na bomba la chuma lililo sentimita chache kutoka sikioni. Na iwapo siti ya nyuma imebaki na watoto wamepakiwa kwenda madrasa, vichwa vyao viko mbele ya mabomba hayohayo. Sifongo ngumu iliyofungwa juu ya bomba husaidia, lakini imekusudiwa kichwa chenye helmeti. Gari lenye kizimba na liwe la uwanjani, au livuliwe kizimba.

Hatuna budi pia kuuliza ni nani anayekagua. Marekani gari la chini ya sekunde 10 hupimwa unene wa mabomba kwa chombo cha mawimbi ya sauti, na cheti hudumu miaka mitatu. Sisi tunacho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, kilichotokana na MIOME na baadaye kikawa Polytechnic kabla ya kupandishwa hadhi mwaka 2013. Sioni kwa nini wahadhiri wake wasiwaite mafundi wa mjini siku moja kwa muhula, wakaketi pamoja na wanafunzi na kukata viungo.

Mwanafunzi aliyenijia nilimshauri asingoje siku hiyo. Anunue nusu mita ya bomba atakalotumia, ampe fundi alikate vipande viwili na kuviunga pembe mraba kwa mashine ileile atakayoitumia garini, kisha kiungo kipasuliwe kwa msumeno katikati na kutazamwa ndani kama chuma kimeyeyukiana au kimegusana tu. Afanye hivyo kabla hajalipa amana.